Mtu wa Tanga Ajifunza Tanga

Johannesburg haina bahari, haina ziwa la maana, na mto wake unaweza kuuruka bila kuvua viatu. Ni mji mzuri sana kwa mtu anayetaka kusema uongo kuhusu maji. Mimi nimeufaidi uzuri huo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Uongo wenyewe ulianza kama nusu ya ukweli. Mtu akiniuliza kwetu wapi, nilijibu Tanga, na Tanga ni kweli, kwa maana ya mkoa. Nilizaliwa na kukulia Korogwe, penye mkonge, vumbi na stendi ya mabasi. Bahari niliiona mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa safari ya shule, ambapo mwalimu alitukataza kugusa maji. Mara ya pili ilikuwa harusi ya binamu, nami nilikuwa nimevaa suruali ya kuazima. Mto tulikuwa nao, lakini ulikuwa na mamba, na mamba hawana subira ya kufundisha mtu kuogelea.

Ukweli huo ni mrefu na hauna ladha. Kwa hiyo binti yangu alipokuwa mdogo, akidai hadithi katika chumba chetu cha Troyeville, nilimpa bahari. Nilimwambia niliogelea kabla ya kutembea. Nilimwambia bibi yake, yaani mama yangu, alikuwa akisimama ufukweni kuniita nitoke majini, nami najifanya sisikii. Mtoto akicheka, baba huongeza chumvi. Mimi nilimwaga gunia zima.

Sasa ana miaka kumi na sita. Amezaliwa hapa na kwetu hajawahi kukanyaga, na bibi yake alifariki kabla hawajaonana. Nikimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, au Kizulu akiwa amekasirika. Alichonacho cha kwetu ni zile hadithi, basi, nazo nilizijenga juu ya maji ambayo sijawahi kuyaingia kupita magoti. Nikiumbuka katika hilo moja, ataamini nini tena nilichomwambia? Swali hilo lilinijia mara chache tu, hasa siku ambazo wateja hawakuja.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kazi Jeppestown, juu ya gereji, na ninashona sare za shule, mapazia na zipu za majaketi. Mwaka jana aliingia Mkongo mmoja wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Uvira, kabeba begani furushi refu la nailoni. Lilikuwa tanga lililochanika. Akanieleza kwamba Jumamosi na Jumapili anafundisha watu mchezo kwenye bwawa la Vaal, kusini mwa mji. Unasimama juu ya ubao ukiwa umeshika tanga, na chini ya ubao kuna mguu mrefu wa chuma wenye mabawa mwishoni. Upepo ukikolea, mabawa yanauinua ubao mpaka unatoka kabisa majini, na mtu anaruka. Mchezo wenyewe wanauita foili. Nikamwuliza kama watu hao hawana shida nyingine duniani.

Alipokuja kulichukua tanga lake, binti yangu alikuwa amekaa juu ya marobota ya vitambaa na simu yake. Mkongo alikagua mshono, akaridhika, akaniuliza kwetu wapi. Nikajibu kwa mazoea. Uso ukamng'aa. Akasema mtu wa Tanga kushona tanga ni haki yake, na kwa shukrani akatualika mimi na binti tukajifunze foili Jumamosi. Binti akainua macho kutoka kwenye simu, jambo ninalolishuhudia mara mbili kwa mwezi, akamwambia kwa Kiingereza kwamba baba yake aliogelea kabla ya kutembea. Alilisema kwa fahari. Ningeweza kusingizia kazi, ningeweza kusingizia mgongo. Nikasema tutakuja.

Siku zilizobaki nilijifunza kuogelea kwa kutazama video, nikiwa nimelala kifudifudi kitandani. Nilikuwa hodari sana.

Jumamosi ile ilikuwa ya Septemba, mwezi ambao upepo wa huku hauna adabu. Maji ya bwawa yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na baridi ya kutia adabu. Nilipewa suti ya mpira iliyonibana hadi nikawa na umbo la mtu mwingine, kofia ngumu, na jaketi la kuelea. Binti alivaa zake akaonekana mwanamichezo. Mimi nilionekana kama mto wa kochi.

Nilitegemea mwalimu atatutupa majini na kututakia heri, kama nilivyofundishwa cherehani. Lakini yule bwana alikuwa mwalimu hasa, jambo lililonivunja moyo, kwa sababu mwalimu mbaya ningemsingizia. Kwanza alituuliza nani hajui kuogelea, akasema hakuna aibu, yeye anataka kujua tu. Binti alicheka kwa niaba yangu. Mimi nikasema naogelea, ila ni siku nyingi. Mwalimu alinitazama kwa muda uliozidi kidogo, kisha, bila neno, akanibadilishia jaketi langu akanipa nene zaidi.

Kwa saa nzima hakuturuhusu kugusa maji. Aliweka ubao juu ya tairi mbili kuukuu, akatupandisha mmoja mmoja huku akiutikisa kwa mguu. Alitufundisha kuanguka kabla ya kusimama: anguka bapa, mgongo au ubavu, usitangulize kichwa, na ukiwa chini usirushe miguu ovyo, maana mabawa ya foili yana makali. Alisema tuangalie mbali, si miguuni. Alisema mkono wa mbele ndio unaoliongoza tanga, na wa nyuma ndio unaouvuta upepo uingie. Binti yangu, mwalimu alimfundisha kwa Kiingereza. Kwangu, kwa heshima, alitumia Kiswahili, Kiswahili chake cha Uvira, ambacho mimi tangu zamani nilikihesabu kuwa Kiswahili kilichoanguka kutoka kwenye lori.

"Papa, ubao ikipanda sana, usiogope," aliniambia. "Mukono ya nyuma, tosha. Ile tu. Itashuka pole pole."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa vizuri kabisa: mkono wa nyuma unatosha. Ubao ukipanda sana, achia wa mbele, baki na wa nyuma, huo unatosha. Ilinishangaza kidogo, lakini nani mimi, mtu wa Korogwe, nibishane na fizikia.

Tukaingia majini. Binti alianguka mara nne, akapiga magoti, akasimama, na kabla ya nusu saa ubao wake uliinuka shibiri moja ukatua. Alipiga ukelele wa furaha kwa lugha nisiyoijua. Zamu yangu ikafika. Mwalimu alinifuata na mashua ndogo ya injini akiwa mita chache tu nyuma yangu, na kila nilichofanya alikitaja kwa sauti tulivu, kidogo mbele, legeza magoti, tazama ule mti. Nilisimama. Naapa nilisimama. Upepo ukaingia kwenye tanga nililolishona kwa mikono yangu, kelele ya maji chini ya ubao ikakatika ghafla, nikajikuta juu.

"Tosha!" alisema mwalimu. "Mukono ya nyuma, tosha!"

Nikatii. Nikaachia mkono wa mbele, nikashikilia wa nyuma kwa nguvu zote. Tanga likageuka likanichukua kama dobi anavyochukua shati, likanirusha mbali, nikaanguka si kwa mgongo wala kwa ubavu bali kwa namna ambayo haikuwa kwenye mafunzo.

Mwalimu mbaya angenifokea. Huyu alikuja na mashua, akahakikisha kwamba mimi ni mzima, akafikiri, akaamua kwamba nachanganya mbele na nyuma. Basi akanifunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono wa nyuma, akasema safari hii nisiwaze mbele wala nyuma, mkono mwekundu tu. Lilikuwa wazo la akili nyingi. Sasa nilijua bila shaka yoyote ni mkono upi unatosha. Nikaanguka mara mbili zaidi, kila mara kwa ujasiri mkubwa zaidi.

Mara ya tatu nilianguka kwenye kina. Jaketi liliniinua, lilifanya kazi yake, lakini maji yaliniingia puani na mafunzo yote ya kitandani yakanitoka. Nilirusha mikono, nikaukumbatia ubao kwa kifua, nikafumba macho, nikawa natamka jina la Mungu bila mpangilio. Niliogopa, tena sana. Nilipofumbua macho, mashua ilikuwa ubavuni, na upande wa pili alikuwa binti yangu juu ya ubao wake, amepiga magoti, ananitazama. Mtu aliyeogelea kabla ya kutembea hashiki ubao vile. Hilo lilionekana usoni mwake, na mimi niliona kwamba ameliona.

Mwalimu aliniuliza kwa upole kwa nini sitoshi mkono wakati yeye anasema tosha. Nikamjibu, kwa hasira ya mtu aliyekunywa bwawa, kwamba nimeutegemea huo huo mmoja aliosema unatosha, na kwamba hautoshi.

Binti akasema, kwa Kiswahili: "Baba, tosha ni toa. Anasema utoe mukono. Wewe unashika ile ya kutoa."

Nilimwuliza amelitoa wapi neno hilo. Akasema saluni, mtaa wa Bertrams, kwa yule dada Mkongo anayemsuka, ambako kila mwezi hukaa saa tano na kuzungumza na wasusi Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza kwa nini basi nyumbani hanijibu.

"Kule hawanisahihishi," alisema.

Kwa bahati meno yalikuwa yanagongana kwa baridi, nikayaachia hayo yajibu. Mwalimu hakucheka, Mungu ambariki. Alisema kosa ni lake, angetakiwa kuniuliza nimeelewaje, akanifungua kile kitambaa. Kisha akaniuliza kama nataka kurudi nchi kavu. Nilitaka, kwa moyo wangu wote. Nikapanda ubaoni.

Niliruka. Haikufika nusu dakika, na mtu aliyekuwa ufukweni na chai yake huenda hakuona kitu. Lakini kelele ilikatika tena, ubao ukapanda, ukapanda sana, nikasikia "Tosha!", nikautoa mkono wa nyuma, na ubao ukashuka taratibu kama kitambaa kinavyokaa juu ya meza. Nikarudisha mkono, ukapanda. Nikautoa, ukashuka. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliyopata kibali cha kuishi nchi hii. Binti alipiga makofi. Mwalimu aliinua dole gumba akasema, "Voilà, papa," na kwa muda mfupi nilifikiri nimepona. Nani angeweza kumshitaki mtu aliyeruka?

Tulikaa kwenye nyasi, tumejifunga mataulo, tunakula magwinya, yale maandazi ya huku, tuliyoyabeba kutoka nyumbani. Mwalimu alikwenda kukunja matanga. Binti alitafuna muda mrefu.

"Hujui kuogelea," alisema. Aliendelea na Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili wengine wasisikie.

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Nikasema sijui. Nikamwambia habari za Korogwe, za mkonge, za mwalimu aliyetukataza kugusa maji, za suruali ya kuazima. Nilitegemea atacheka kwenye suruali. Hakucheka. Alikuwa anang'oa majani moja moja, na nikamwona anahesabu kichwani, anarudi nyuma kwenye kila usiku wa Troyeville, anaipima kila hadithi upya. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima.

"Na bibi?" aliuliza. "Hiyo pia ulitunga?"

Bibi hawi "hiyo". Sahihisho lilifika hadi kwenye meno, nikalimeza pamoja na andazi. Nikamwambia bibi ni wa kweli, isipokuwa hakuwahi kusimama ufukweni.

"Sawa," alisema. "Alikuwa nafanya nini, basi? Bibi wa kweli."

Nikafungua mdomo. Bahari, ambayo siijui, nimemsimulia miaka yote hiyo bila kukwama. Mama yangu niliishi naye nyumba moja miaka kumi na tisa, na sasa nilipotafuta nilikuta kwamba aliamka kabla yetu sote, alikunywa chai ya tangawizi bila sukari, na alikuwa na kovu mkononi ambalo sikuwahi kumwuliza alilipataje. Nilimwambia binti yangu hayo matatu. Akasubiri niendelee.