Kitenge cha Mkononi

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa natembea usingizini. Maman ananikuta asubuhi nimelala chini jikoni, au nimekaa kwenye ngazi za jengo letu mtaani Jette, huku ughaibuni, ghorofa ya tatu, miguu baridi, sikumbuki kitu. Yeye naye alikuwa anaishiwa damu. Kazi yake ilikuwa kuogesha wagonjwa hospitalini, na sasa daktari anampa yeye vidonge.

Wakati huo nilikuwa nasoma riwaya ya vampire niliyoazima shuleni. Mle ndani msichana anatembea usingizini, na kila asubuhi amepauka zaidi, maana kuna anayemnyonya damu. Wote wanamhurumia. Kwetu? Weee! Kwetu anayetembea usiku ndiye mnyonyaji.

Jumapili moja baada ya ibada wakaja wamama wawili wa kikundi cha maombi. Walikula fufu yetu, wakanawa mikono, ndipo mmoja akasema, nami nasikia toka jikoni: "Maman, mutoto anatembea usiku, weye unaisha damu. Bon, hauoni? Mulozi iko mu nyumba."

Mulozi, yaani mchawi. Mimi! Nilingoja maman awake moto. Alisema asante tu, akawasindikiza hadi chini.

Jioni, kabla ya kulala, akachana utepe wa kitenge chake cha zamani, akafunga ncha moja mkononi mwangu, nyingine mkononi mwake. Hakueleza. Nikajiambia, basi, amewaamini, ananifunga kama mbuzi. Hasira ile niliitunza vizuri kuliko cheti changu cha ubatizo. Nilipomaliza shule nilipanda treni stesheni ya Gare du Midi, nikahamia mji mwingine, Liège. Simu nilipiga sikukuu tu.

Mwaka jana, akiwa amelazwa, ndipo nikamuuliza: "Maman, ulinifunga kwa nini?"

Akanishangaa. "Ni zile ngazi! Nilikuwa naogopa ngazi, mutoto wangu. Nilikuwa nachoka, nalala fofofo. Nikasema, akinivuta nitaamuka."

"Na wale wamama?"

"Wale? Niliwaambia pale chini wasipande tena kwangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Alors, weye uliniuliza?"

Tulimzika kabla ya Pasaka. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja kukaa. Bado natembea. Asubuhi nyingine naamka sakafuni, na kabla sijafumbua macho napapasa mkono wangu.