Kura Moja ya Huseni

Fundi Huseni wa mtaa wa Buyenzi hakuwa mtu wa siasa. Kazi yake ilikuwa kufungua injini za watu na kuzifunga tena, na ulimi wake aliutunza kuliko spana. Mara moja tu uchaguzi ulimgusa, nao ukamwachia kovu.

Ilikuwa mwaka 2005. Faruk, mchomeleaji wa kiwandani, ambaye yeye na Huseni walikuwa chanda na pete, aligombea ubunge katika jimbo la jiji. Aligombea bila chama, ili wafanyakazi wa viwanda nao wapate wa kuwasemea. Kushinda hakutarajia.

"We peke yako ndo mutu wangu kwenye kile kituo chako cha kura," alimwambia Huseni. "Unipe ile kura moja."

Siku hizo mpiga kura alipewa karatasi za wagombea wote na bahasha mbili, nyeupe na nyeusi. Uliyemchagua alitiwa kwenye nyeupe, waliobaki kwenye nyeusi, isiyohesabiwa. Huseni alielezwa vizuri tu. Lakini ndani ya kibanda alishika karatasi ya Faruk, akaitazama ile bahasha nyeupe. Nyeupe ni sanda. Nani amvishe sanda rafiki yake aliye hai? Lazima nimesikia vibaya, akajisemea, akamtia kwenye nyeusi.

Jioni kura za kituo zikasomwa kwa sauti. Faruk, sifuri.

Faruk hakuuliza. Huseni naye aliona haya. Fundi mzima, kushindwa na bahasha! Kesho nitamwambia, kesho nitamwambia, na kesho haina mwisho. Zikabaki salamu za msikitini tu. Aibu ya bure kabisa, lakini ilimla Huseni kama kutu.

Miaka ishirini ikapita. Jimbo lenyewe likafutwa, mji ukaunganishwa na majimbo ya Bubanza na Cibitoke. Ndipo Huseni aliposikia kwamba Faruk amelala hajiwezi kwa binti yake Houda, kule Musaga. Akaenda, akaketi kando ya kitanda, akasimulia yote huku analia.

Faruk alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono.

"Mi nilishakusamehe zamani, ndugu yangu," alisema polepole. "Ulimpa mwingine, basi. Sasa usiniongezee uongo wa bahasha."

Huseni alifungua mdomo aape, akaona jinsi mgonjwa anavyohema. Akasema, "Asante," akapokea msamaha wa kosa asilolitenda.