Ubeti Nilioutunza Nikienda Msalani

Aibu niliyoipata siku ya harusi ya mjukuu wangu ningeificha mpaka kaburini, lakini ukumbi mzima ulishuhudia, na nshakwenda sokoni Darajani nikachekwa, nshakwenda msibani nikachekwa (msibani, jamani, na maiti yumo ndani), basi bora niiseme mwenyewe kwa mdomo wangu kabla watu hawajaitia chumvi zaidi, maana sasa hivi wapo wanaosema nilimrukia mwimbaji nikamnyang'anya kipaza sauti, na huo ni uongo mtupu. Kipaza sauti sikukigusa. Mengine yote ni kweli.

Mimi ni Bi Mwaka wa Kidichi, na huyo mjukuu ni Zamzam, nimemlea mwenyewe tangu hajaota meno. Zamzam kazi yake ni kuwatembeza wageni katika mashamba ya viungo huku kwetu, anawachania gome la mdalasini wanuse, anawapakaza tangawizi mikononi, na anazungumza nao lugha zao huyo, Kitaliani sijui Kijerumani, nikimsikiliza kwa mbali naona kama anagombana nao, kumbe wanacheka. Kazi hiyo anaipenda kuliko kula. Sasa akaja kuposwa na Suleiman, kijana wa mtaa wa Malindi kule mjini, mtoto mzuri hana neno, lakini mama yake, Bi Ruzuna, ni mtu wa nyumba kubwa za mjini, babu zake Waarabu waliokuwa na mashamba (pengine haya haya tunayookota karafuu sisi, lakini tuyaache), naye akasema mke wa mwanawe hazururi maporini na wageni. Ikawa maneno, posa ikataka kuvunjika, Suleiman akamwangukia mama yake miguuni, wazee wakaingia kati, na wiki ile ile ya harusi Bi Ruzuna akakubali, lakini kwa shingo upande.

"Nimekubali aendelee na kazi yake," alisema, sote tunamsikia. "Lakini siku nikikejeliwa na mtu wa kwao, hata kwa jicho, neno langu nalirudisha."

Basi tukaambiwa tuchunge midomo. Binti yangu Rukia, mama yake Zamzam, alipokuwa akituambia hivyo alinitazama mimi tu, utafikiri watu wengine mle chumbani hawana midomo.

Na sijui kama wasomaji wote mnaijua khabari ya taarabu yetu, kwa hivyo nieleze kidogo. Wimbo huku kwetu si wa kusikiliza tu ukaenda zako. Mwanamke mwenye lake moyoni, ambalo hawezi kumwambia mume, wala wifi, wala jirani, husubiri. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa, huinuka na noti juu, akenda kwa madaha mpaka mbele akamtunza mwimbaji, na hapo ubeti ushakuwa wake, kama ameusema yeye, na aliyekusudiwa ajijue. Nimeona wanawake walionyamazishwa ndani ya majumba yao wakisema yao yote kwa noti moja. Mimi mwenyewe, marehemu mume wangu aliponikataza kwenda kwenye kisomo cha watu wazima (skuli niliachia darasa la pili, nikawa nataka angalau kujua kuandika barua), sikumjibu kitu, nikenda harusini nikatunza ubeti wa ndege na tundu, khabari ikamfikia kabla mimi sijafika nyumbani, na wiki ya pili yake akanisindikiza kisomoni mwenyewe, amenibebea na taa. Kwa hivyo msinione mjinga. Nguvu ya noti ile naijua, na ndiyo maana haya yaliyonipata yaliniuma.

Shughuli ilikuwa baada ya alasiri, ukumbini kule Amani. Jua kali, na mimi nshakunywa sharubati ya ukwaju gilasi juu ya gilasi, maana waliitia barafu. Tunatoka nyumbani, Rukia ananiambia, "Mama, pita msalani kwanza."

Nikamwambia, "Mimi si mtoto mdogo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, hapo hapo mlangoni, tena kwa jeuri yangu.

Tulipofika nikawekwa viti vya mbele kabisa, kwa kuwa ni bibi wa bi harusi, na kando yangu Bi Ruzuna, baina yetu kiti kimoja tu tulichowekea mikoba na mabuibui. Rukia akanitia noti mkononi akaniambia nitunze wimbo wa kwanza, ule wa kuwaombea dua maharusi, basi, nisitunze mwingine. Lakini wimbo wa dua ulipita mimi nnaamkiwa, shikamoo bibi, marahaba, shikamoo bibi, marahaba, tahamaki umekwisha na noti yangu bado mkononi. Nikasema si neno. Nyimbo zikaendelea, na ule ukwaju nao ukaanza kazi yake.

Nilivumilia. Wimbo ukaja mwingine, nikavumilia. Mlango wa msala niliambiwa uko kule mbele, pembeni mwa jukwaa, na njia ya heshima ilikuwa kuzungukia nyuma ya viti, lakini nyuma kulikuwa na miguu ya watu na watoto wamelala chini, na magoti yangu haya mnayajua. Nikasikiliza: mwimbaji kanyamaza, fidla tu ndizo zinazolia. Nikajiambia, Mwaka, hapa ndipo, kata mbele upite haraka kabla hajafungua mdomo. Nikainuka.

Sasa nakwambieni jambo ambalo sikulijua mpaka uzee huu: mwendo wa mtu aliyebanwa na haja na mwendo wa mwanamke mwenye madaha hauna tofauti hata kidogo, ukiutazama kwa nyuma. Vihatua vidogo vidogo, magoti yamebanwa, nyonga inakwenda huku na huku, na mkono mmoja nimeuinua ili nisipepesuke, na ndani ya mkono ule, noti. Nikasikia vigelegele. Nikajiuliza, wanampigia nani hawa? Mwimbaji akaniona, akanigeukia, akacheka na mimi kwa macho, akafungua mdomo:

*Mke wa mwano si mali, uifungie sanduku,*
*Ana macho na akili, si wa kufugwa na kuku.*

Kumbe nimeshafika mbele yake, na mkono wake umenyooka unangoja. Ningefanya nini? Kumpita mwimbaji na noti mkononi ni tusi. Nikampa. Naye kwa kufurahi akaurudia ubeti, tena taratibu, neno baada ya neno, na ukumbi wote sasa unaitika. Nikachanganyikiwa, nikageuka kumtafuta Rukia, nikanyoosha mkono kumuuliza kwa ishara, mlango wenyewe uko upande gani? Na Rukia alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bi Ruzuna.

Kwa hivyo kila aliyekuwamo ukumbini aliona kwamba Bi Mwaka wa Kidichi ametunza ubeti wa kuku, kisha akamnyooshea kidole mama mkwe. Na Bi Ruzuna, mashallah, anafuga kuku. Ua mzima. Malindi yote inamjua kwa kuku zake.

Nikataka kuendelea na safari yangu, wapi! Wake za watu wakainuka kwa makundi, kila aliyewahi kufungiwa ndani ana noti yake, wakanisukuma mpaka nikajikuta nimerudi kwenye kiti changu. Bi Ruzuna hakunitazama. Alisema huku anaangalia mbele:

"Bi Mwaka, kuku wangu wamekukosea nini?"

"Kuku gani tena, bibi? Wallahi nlikuwa nnakwenda msalani."

"Na noti mkononi? Msala gani huo wa kulipia, harusini?"

Rukia akaniinamia sikioni, uso umempauka. "Mama, rekebisha. Rekebisha sasa hivi, Zamzam anatuona."

Nikamtazama Zamzam kule juu alikokalishwa, mikono ya hina mapajani, haruhusiwi kusema wala kuinuka, siku yake mwenyewe, na macho yake yananifuata mimi. Alikuwa ameelewa. Maisha yake yote ya asubuhi, yale mashamba, wale wageni, kile kicheko chake, yalikuwa yanaondoka kwa ajili ya magoti yangu.

Mtu mwenye akili angekwenda msalani kwanza, akarudi, akaomba radhi. Mimi nikaona haja ingoje, nirekebishe. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa noti yangu ya akiba, nikamfuata mwimbaji nikamnong'oneza, "Mwanangu, niimbie ule wa kumsifu mama mkwe, upo?"

"Upo, bibi," akaniambia, "tena mpya."

Neno hilo mpya lilitosha kunizindua, lakini nani ana akili na kibofu kimejaa? Mwimbaji akaanza, *Mama mkwe ni asali, tamu inayomwagika*, sauti laini inakuingia mpaka kwenye mifupa, nikasema alhamdulillahi, tumepona. Nikamwendea Bi Ruzuna na noti yangu, nikaizungusha juu ya kichwa chake kwa heshima, nikamwekea mkono begani, na wallahi alianza kutabasamu, nililiona jino la dhahabu. Ndipo mwimbaji akamalizia:

*Lakini kaeni mbali, nyuki wasije kuruka.*

Ukumbi uliporomoka. Watu walipanda juu ya viti. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Bi Mwaka, maliza kabisa!" na mimi bado noti yangu iko juu ya kichwa cha mwenyewe.

Bi Ruzuna akasimama. Mrefu yule, na sauti hakuipandisha, jambo lililonitisha zaidi.

"Mara ya kwanza nilitaka kukuamini. Sasa basi. Neno langu nimelirudisha, Zamzam hakanyagi tena huko Kidichi kwa kazi."

"Bibi, nakuomba," nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Mtoto hana kosa. Mimi ndiye, na mimi wallahi haki ya Mungu nlikuwa natafuta..."

Na hapo mwili ukakataa. Sitolipamba: nilijikojolea. Mbele ya mama mkwe, viti vya mbele, ndani ya gauni la satini la kijani alilonishonea Rukia kwa siku ile, na satini ikirowa hubadilika rangi, hakuna kuficha. Muziki ulikuwa juu, watu macho yao kwa mwimbaji. Aliyeona ni mmoja tu. Bi Ruzuna akatazama chini, akanitazama usoni, akatazama tena chini.

"Kumbe kweli," akasema polepole.

Nilikuwa nataka ardhi ipasuke. Akachukua buibui lake juu ya kile kiti cha mikoba, akanifunika nalo kuanzia mabegani mpaka miguuni kwa mkupuo mmoja, akanitia mkono wake kiunoni.

"Niegemee," akasema. "Tembea kama watu wanaokwenda kupatana."

Tukatembea. Ukumbi ukatupigia vigelegele, bibi wa bi harusi na mama wa bwana harusi wamekumbatiana, wengine wakalia. Mimi nnatembea huku viatu vinalia chwap, chwap.

Kule ndani akafunga mlango, akakunja mikono ya gauni lake. Bibi yule wa nyumba kubwa, pete vidole vyote, alishika kopo akawa ananimiminia maji nijisafishe, akanipa na kanga aliyokuwa amejifunga ndani nibadilishe. Kisha akauliza, bila ya kunitazama:

"Bi Mwaka, niambie kweli. Ule ubeti wa kuku, watu wananiona mimi hivyo?"

Nikafikiri. Ningeweza kumdanganya, na pengine ningepaswa. Nikamwambia, "Bibi, ulipoimbwa mara ya kwanza nilikuwa nataka msala tu, sina khabari na mtu. Lakini sasa nshamaliza haja yangu naweza kukujibu. Kidogo, ndiyo."

Kopo likasita hewani. Nikasema haya, sasa ananimwagia la usoni. Akaanza kwa kukohoa, nikaja kufahamu kuwa anacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanja umemshuka mashavuni, na mimi nikaangua, wazee wawili tumefungiwa chooni tunashikana tusianguke, Rukia anagonga mlango kwa nje, "Mama! Mama, mnapigana?"

"Tunapatana!" akajibu Bi Ruzuna. Kisha akajifuta macho, akaniambia, "Kazi na aende. Alfajiri atatoka na saa kumi arudi, na kuku sitomlishisha, nitawalisha mwenyewe. Lakini wewe ukija kwangu Malindi, msala uko mkono wa kushoto, ukiingia tu. Usimpite mtu."

Tuliporudi ukumbini alipanda mpaka kwa Zamzam, akamwinamia, akamwambia neno sikioni. Sikulisikia, lakini niliona yale mabega ya mtoto yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Na fungate ilipokwisha, asubuhi moja nnapika uji, nikasikia kule njiani Kitaliani chake kinapita, anagombana na wageni wanacheka. Niliacha mwiko nikakaa kizingitini nikashusha pumzi, ndefu, mpaka uji ukaungua.

Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu. Taarabuni sitoinuka tena kitini mwimbaji akiwa yumo jukwaani, ameimba, hajaimba, anakunywa maji, simwamini, hata ukumbi ukishika moto mtanikuta nimekaa. Na siku nikiwa na langu la kumwambia mtu, maana bado ninayo, nitautafuta ubeti wake, nitautunza kwa kusudi, na kila atakayeniona atajua kwamba Bi Mwaka leo hakubanwa.