Nilimshuku jirani kwa kamba ya pilipili, kumbe mjukuu wangu anafuga tembo

Wakuu, nawasalimu, na vijana mnaoniamkia marahaba. Niliishia darasa la tatu na naandika kwa kidole kimoja, makosa mtayaruka. Lakini uongo humu hamna.

Niko Nyansurura, Serengeti. Huku tembo wakiingia kwenye mahindi, mwaka huo mnakula hadithi. Kwa hiyo shamba nimelizungushia kamba yenye matambara ya oili chafu na pilipili. Tembo akinusa, anageuza.

(Hiyo pilipili niliitwanga mwenyewe, nikajisahau nikajikuna jicho. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tuyaache.)

Sasa kila asubuhi nakuta kamba imefunguliwa sehemu moja, upana wa mlango. Nafunga, kesho yake iko wazi.

Nikasema huyu ni Chacha tu. Ni jirani na rika langu, na tangu fahali wake ashindwe na wangu ana kinyongo. Nikamfuata kwake, nikamwambia mbele ya wakwe zake kwamba anataka wajukuu wangu wafe njaa. Na kwamba nitamfikisha kwa wazee.

Akajibu tu, "Wewe pilipili imekupanda kichwani."

Kesho yake kulipopambazuka nikajificha kwenye mahindi.

Akaja Bhoke. Mjukuu wangu, miaka sita, tunaishi naye. Akafungua fundo taratibu, akasogea pembeni kama anampisha mgeni. "Ingia Mjumbe. Angalia masikio yako."

Hakukuwa na kitu, wakuu. Upepo tu.

Nilipotokea akalia. "Babu, msimfukuze na madebe. Ni tembo mdogo. Mahindi nimemkataza, anakula ugali wangu."

Nikauliza, na dagaa? Akasema dagaa hapendi.

Anamwita Mjumbe kwa sababu masikio yake yanasikia mambo ya kijiji kizima. Na alimficha kwa kuwa kwetu tembo anatajwa kwa laana tu.

Nakiri mkono uliinuka. Maana nje ya kamba, hatua chache tu, niliona nyayo mbichi za tembo wa kweli. Siku moja zaidi na shamba limekwisha.

Lakini yule mtoto alikuwa amesimama katikati, amemkinga mwenzake.

Nikashusha mkono. Nikamwambia, "Mnyama wa mji huu halali nje. Muingize moja kwa moja, tufunge, wale wakubwa wasimfuate."

"Atalala wapi?"

"Kwa ndama."

Akafikiri. Kisha akashika kamba upande wake, mimi wangu, tukakaza fundo. Halikufunguliwa tena. Mahindi tumevuna.

Likabaki la Chacha. Alinisubirisha siku tatu mpaka wakwe zake warudi, nikaokote maneno yangu palepale nilipoyatupa. Nikaenda na Bhoke, nikaeleza yote. Wakwe walicheka mpaka chai ikapoa.

Chacha akasema, "Na huyo Mjumbe mwenyewe haombi samahani?"

Bhoke akainua uso pembeni, akasikiliza. "Anasema samahani. Lakini anasema na wewe ulimpigia kelele za debe."

Wakuu, Chacha mnayemsikia akavua kofia, akaiinamia hewa. "Nisamehe, mkubwa."

Nilichojifunza: kabla hujamtuhumu jirani, anza kwako, na mtoto umuulize kwa upole. Ukiinua mkono kwanza hutaambiwa kitu.

Wenye watoto, hebu waulizeni leo wanakaa na nani, mtuletee hapa tusome.

Mimi nasimama. Bhoke anasema nimekalia mkia.