Ukili Katika Chumba cha Mtihani

Nimefundisha hesabu kwa wanafunzi wa uhandisi hapa Pemba miaka mingi, na nilikuwa na neno langu moja nisilolilegeza: anayeanguka hesabu, uhandisi atausikia kwa wenzake. Kwa hiyo msichana mmoja wa kijiji cha Shumba alipoanguka vibaya mtihani wangu, kisha akaongoza darasa zima katika somo la majengo kwa mwalimu mwenzangu, mie sikusema mashaallah. Nilisema huyu kuna mtu anamlisha majibu.

Nikaanza kumchunguza. Anakaa na nani, simu yake inalia lini, kwa nini akiniona anainamisha macho. Hata upole wake ulinitia wasiwasi. Mwenzangu akanambia, "Bi mkubwa, wewe unashuku mpaka kivuli chako." Nikamwambia yeye ni mwepesi wa kuchezewa, na mtihani wake ujao nitausimamia mimi.

Nilisimama nyuma ya yule msichana. Wenzake wanabonyeza kalkuleta, yeye yuko kwenye kona ya meza, vidole vinatembea juu ya kitu. Anatazama, anaandika. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nipe hicho ulichoshika."

Akanipa kipande cha ukili, ule utepe wa miyaa ya mkindu wanaosuka kina mama kisha wakaushona uwe mkeka. Kilikuwa na madoa ya wino yaliyopangwa sawasawa, na mimi nikajua hizo ni alama za siri. Nikamwacha amalize, nikaenda kujaza fomu ya udanganyifu. Ilibaki saini yangu tu, na saini hiyo ingemfukuza chuo.

Asubuhi nikamwita ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hii nini?" Nikauweka ule ukili mezani, kando ya fomu.

"Cha kupimia, mwalimu."

"Ulipima nini, na nguzo iko kwenye karatasi?"

Swali lilikuwa la nguzo ya duara, iliyozungukwa mara moja na nondo ya chuma inayopanda kutoka chini hadi juu, na walitakiwa watafute urefu wa nondo. Akauchukua ukili, akausogeza kwenye kona ya meza yangu. "Nguzo ukiipasua ukailaza, inakuwa mkeka. Nondo inalala mshazari, kama ukili wa mama. Mzunguko nauhesabu kwenye ukingo huu wa meza, madoa kadhaa. Inavyopanda nahesabu kwenye ukingo wa pili. Halafu nalaza ukili toka alama hii mpaka alama ile, nasoma madoa." Mama yake, akaniambia, akishatajiwa ukubwa wa mkeka anajua asuke ukili kiasi gani, na kalamu hajawahi kushika.

Maneno matamu, nikawaza, ndivyo wanavyojitetea wote. Nikamtungia vipimo vingine palepale. Yeye akapima, mimi nikabonyeza kalkuleta. Majibu yakapishana mbali sana, na nikiri kwamba nilifurahi. Nikarudia hesabu ili nimuoneshe alipokosea, kumbe niliyekosea ni mimi, nimechukua nusu ya upana nikaifanya upana wote. Nilipoirekebisha, tukawa tumepishana kidogo mno.

Bado roho yangu haikutulia. Nikamuuliza, "Basi hesabu zangu mbona huziwezi?"

Akatazama sakafu. "Nilizifanya hivihivi, mwalimu."

Nikafungua mtoto wa meza. Karatasi za mtihani wangu zilikuwa mle tangu siku niliyowapa waone matokeo wakanirudishia. Nikaitoa yake. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi, na pembeni yake nimeandika kwa wino mwekundu, "Njia iko wapi?" Sufuri. La pili sahihi, sufuri. Nikaenda hivyo mpaka chini, nikaona kuwa kuanguka kule nilikokufanya ushahidi nilikuwa nimekuandika mwenyewe. Mwisho wa karatasi niliandika kwa herufi kubwa: UMEIGA.

Chini ya neno hilo palikuwa na mstari wa penseli, mwandiko mdogo, ambao sikuwahi kuuona kwa sababu nilizikusanya karatasi nikazifungia bila kuzitazama tena.

"Sikuiga, mwalimu. Naomba nije nikuoneshe."