Mashine Ilipoandika Karamu

Mashine ya serikali iliandika kwamba Wachuka alipoteza karamu yake njiani.

Karamu. Msichana wa Gredi ya Tisa alidhani amesema kalamu.

Mstari wa pili ulisema alirudi mahari pale pale kuitafuta.

Sikucheka. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, ishirini kati yake hapa Ruring'u, na r hiyo imenichosha.

Katika shule ya bweni iliyonilea, ukiigeuza l kuwa r ulipiga deki bweni zima. Nilipiga deki muhula mmoja tu. Nikatoka nimenyooka, na wanafunzi wangu nao nikawapa deki.

Serikali ilituletea tabuleti nne kwa watoto ambao kusoma na kuandika kunawashinda ingawa akili zao ni kali. Mtoto anazungumza, kifaa kinaandika. Ili Wachuka aruhusiwe kukitumia katika mtihani wa taifa, mwalimu wa somo alipaswa kutia sahihi kwenye fomu kwamba kinamfaa. Bila sahihi yangu angeandika kwa mkono, na mkono wake haujawahi kumaliza sentensi.

Nilikataa.

Ijumaa mama yake, Phyllis, aliacha kabeji zake sokoni Karatina akaja ofisini. Nyawira, mwalimu anayewashughulikia watoto hao, aliketi kando yake. Wachuka alisimama mlangoni.

"Mwarimu, huyu mtoto anajua. Ni mkono tu inakataa," mama akasema.

"Mama Wachuka, sina ugomvi na mkono. Ni ulimi. Anashrabu, kila l anaigeuza r, hadi mashine inachanganyikiwa."

"Na si ni vile sisi wote tunaongeanga?"

"Si wote."

Nyawira akanisukumia tabuleti. "Basi isomee wewe, Mwalimu Ngatia. Mtoto asikie vile inafaa."

Nikakohoa, nikaketi wima. Nikatamka polepole, kama niko kwenye gwaride: Nilipoteza kalamu yangu mahali fulani.

Tukatazama kioo.

Niripoteza karamu yangu mahari furani.

Nikarudia. Karamu. Nikarudia tena, nimeukaza ulimi hadi ukauma. Mahari.

"Labda imezoea sauti ya Wachuka," nikasema.

"Hii ni ingine, mwalimu. Nimeitoa kwa boksi saa hii," Nyawira akasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ndipo Wachuka akasema kutoka mlangoni, bila ujeuri wowote: "Mwarimu, mimi kusoma inanishinda. Kiswahiri yote niko nayo nimetoa kwako. Nafuatanga tu vile unasema."

Miaka thelathini na mmoja. Nilikumbuka sakafu zote zilizopigwa deki kwa amri yangu, nikahisi uzito wake mabegani, kila ndoo.

Nikaivuta fomu.

"Nyawira, nipe karamu," nikasema. Na kwa mara ya kwanza maishani nikajisikia nikiitamka r.

Siku hizi kila mapumziko mimi na Wachuka tunakitamkia kifaa maneno, naye Nyawira anakirekebisha hadi kizoee ndimi zetu. Jana hatimaye kiliandika kalamu. Sauti ilikuwa ya Wachuka. Mimi bado naandikiwa karamu.

Wewe unayefundisha, au unayelea, kabla hujamsahihisha mtoto, uliza kwanza alilisikia neno hilo kwa nani. Mimi nilichelewa kuuliza.