Kazi Tatu Kwenye Tawi Moja

Nilikuwa nikiishi Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, nikichangia msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha kompyuta, kwenye programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Watu wa nchi nyingi waliijenga kwa kujitolea, na zahanati moja ya kwetu iliitumia. Ilikuwa na kasoro iliyonikera: haikumpokea mgonjwa asiyejua siku aliyozaliwa. Wazee wetu wengi wanajua mwaka tu, tena kwa kuuhesabu kutoka njaa fulani. Karani aliwaandikia wote Januari mosi, na daktari akasoma uongo.

Nilirekebisha hilo, nikaliweka kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ambamo unafanya jambo moja bila kugusa shina, programu yenyewe. Wasimamizi wa mradi walitaka hivyo: tawi moja, kazi moja, walikague, ndipo waunganishe. Toleo jipya lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni kwa saa zetu. Ukichelewa, unasubiri miezi.

Wiki hiyo mtandao wa Nachingwea ulikufa. Jumatatu nikampa dereva wa basi flashi yenye tawi hilo, nakala yangu pekee, ampelekee mwenzangu wa Ruangwa, ambako mtandao ulikuwepo: mwalimu wangu wa fizikia wa zamani, ambaye baadaye nilijifunza naye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kutuma tu.

Ijumaa asubuhi nikampigia.

"Shikamoo mwalimu. Wamejibu?"

"Marahaba. Wamejibu tangu juzi. Wanasema tawi lina kazi tatu, moja haijakamilika, tuzitenganishe. Nikaona nisikusumbue."

"Tatu? Mimi nilikupa moja."

"Nikaongeza tafsiri yangu ya Kiswahili na ile ripoti ninayoijaribu. Mtu akitoka kijijini kwetu Nkowe kwenda mjini, anaondoka na kikapu chake tu? Majirani si wanamtwisha na vyao?"

"Hawa si majirani zako wa Nkowe, mwalimu."

"Usinifokee. Mimi ndiye niliyekufundisha kupima kwa rula."

"Basi ungepima kabla ya kuchanganya."

Nilikata simu. Siku mbili alikalia jibu lile, kwa upole wake, huku mimi nikidhani mambo yako sawa. Mtu mkorofi ningemwelewa haraka zaidi.

Nilipanda pikapu ya mizigo. Tulipata pancha njiani, na nikafika Ruangwa saa tisa na nusu nikiwa mwekundu kwa vumbi. Hatukusalimiana sawasawa. Nilivuta kiti, nikaanza kuchambua mistari yangu kutoka kwenye yake. Alikuwa ameyapitia mafaili yangu yote akibadilisha maneno kwa ajili ya tafsiri yake, kwa hiyo kila mstari ulikuwa na mkono wake. Nilituma tawi safi saa kumi na dakika ishirini.

Jibu lilikuja baada ya muda mfupi, lenye adabu: kazi nzuri, lakini toleo limefungwa, litakaguliwa kwa toleo lijalo.

Mwalimu alisoma begani kwangu.

"Si watalichukua tu? Basi tafsiri yangu irudishe humo humo, iende nalo hiyo safari nyingine."

Niliinuka, nikamwachia kiti. "Kaa. Ifungulie tafsiri tawi lake. Sasa hivi, nikiona."

 Akakaa, akaiandikia kompyuta amri taratibu kwa kidole kimoja, nami nimesimama nyuma yake. Sikuwa nimewahi kumwamrisha mwalimu wangu kabla ya siku ile, na sikumwomba radhi.